Hiyo Betri Haijafa, Ni Vile Hujapima

Wacha niseme hii kitu bila kuzunguka. Shida ya Kenya si magari ya stima kuharibika, kwa sababu kila gari huharibika, hata ile Probox yenu mnayoiabudu. Shida ni kwamba gari ya stima ikizima, watu wazima wenye gereji kubwa wanageuka kuwa waganga. Hawapimi chochote. Wanaangalia mataa kwenye dashibodi, wanakuna kichwa, halafu wanatoa hukumu: "Betri imekufa. Tafuta ingine ama uuze skrepa." Na wewe kwa sababu hujui, unaamini. Unatoa laki kadhaa ama unauza gari nzima kwa bei ya kutupa.

Mganga wa kienyeji angalau hukupigia ramli kwanza.

Na sisemi haya nikiwa Westlands. Nasema nikiwa Kiambere, Mbeere South, kaunti ya Embu, pale stima yenyewe inatoka. Kwa wale hawajui jiografia: dam ya Kiambere ndiyo ya mwisho kwenye ile ngazi ya Seven Forks ya mto Tana. Maji yanatoka Masinga, yanapita Kamburu, Gitaru na Kindaruma, halafu yanafika kwetu. Kituo chetu kilianza kutoa stima mwaka wa 1988 na leo kina uwezo wa megawati 168. Kwa vile vituo vitano, ni Gitaru tu anatushinda. Kwa hivyo mtu akichaji gari yake Kilimani usiku, sehemu ya hiyo stima inaweza kuwa imezunguka kwenye mashine za hapa. Lakini hiyo gari ikizimia hapa Kiambere, tunaambiwa mjuzi wake yuko Nairobi. Maji ni yetu, stima ni yetu, fundi ni wao. Hiyo hesabu imekataa kuniingia kichwani.

Sasa tuelewane kuhusu gari tunayoongelea. Si yale magari mapya ya kung'aa ambayo wabunge wanapiga nayo picha. Naongelea Nissan Leaf ya mkono wa pili kutoka Japani. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na zile za kwanza zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Sheria yetu inasema gari ya kuletwa nchini isizidi miaka minane. Fikiria hiyo kidogo. Gari inashuka Mombasa ikiwa na miaka saba. Inakaa Nairobi kwa mwenyewe wa kwanza miaka mitatu, minne. Anachoka nayo, anauza. Wa pili anauza tena. Ikifika Kiritiri ama Kiambere, imefikisha miaka 12 ama 13. Yaani sisi watu wa mashambani hatutawahi kukutana na gari ya stima ikiwa mpya. Tutakutana nayo ikiwa mzee. Kwa hivyo swali la nani anajua kutengeneza gari ya stima iliyozeeka si swali la matajiri. Ni swali letu, na litakuwa letu zaidi kila mwaka.

Serikali nayo inapenda mwanzo wa hadithi tu. Mwaka wa 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka wa 2023 EPRA ikatoa bei maalumu ya stima ya kuchajia: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa zile watu wamelala, kabla ya makato mengine. Vizuri, napiga makofi. Lakini hizo zote ni habari za kununua na kuchaji. Habari ya kutengeneza iko wapi? Ni kama kumpa mtoto baiskeli na kumficha pampu.

Kuna mfano uko wazi hapa hapa kwetu. NopeaRide ilianzisha teksi za stima Nairobi mwaka wa 2018, na gari walizochagua zilikuwa Leaf. Zilizunguka mji miaka minne hivi. Mwishoni mwa 2022 kampuni mama yake ya Finland iliishiwa pesa, biashara ikafungwa. Wengi walichukua funzo mbaya hapo, ati "mnaona, magari ya stima hayawezani Kenya." Magari yaliwezana. Kilichokufa ni kampuni. Na kampuni ikifa, ujuzi wa watu waliokuwa wanashika hayo magari kila siku unatawanyika kama kuku wa jirani. Hatukuwa na mahali pa kuuweka. Hakuna darasa lililoachwa wala kitabu cha Kiswahili ambacho kijana wa gereji angefungua asome.

Sasa acha niwape stori moja, kisha tuingie kwa kazi yenyewe.

Mjomba wangu ako na Leaf ya 2013. Mwaka jana alikuja nayo nyumbani kwa harusi, akakaa siku nne, gari imesimama chini ya mwembe. Watoto walikuwa wanaingia humo ndani kusikiliza redio, kuwasha mataa, vurugu tupu. Siku ya kurudi anabonyeza kitufe, dashibodi inawaka mataa yote kama disko matanga, halafu kitu kinagonga tk-tk-tk na gari inakataa kuamka. Akapigia simu gereji moja ya Nairobi anayoiamini. Msee wa huko hakuuliza swali hata moja. Kwa simu tu, bila kuona gari: "Mzee, hiyo ni betri kubwa. Usiiguse. Tunatuma breki-dauni." Bei ya breki-dauni peke yake ingelipa karo ya mtoto.

Tukamwita kijana wa Kiritiri anayetengeneza simu na sola. Hajawahi kushika gari ya stima maisha yake yote, lakini ako na multimita na ako na akili ya kuitumia. Akafungua boneti, akaona betri ndogo, ile ya kawaida ya volti 12 kama ya gari yoyote. Akapima: volti 11.2. Akacheka. Akaunganisha na Probox ya jirani kwa waya za kuamshia, chanya kwa chanya, hasi kwa chuma cha gari. Mjomba akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, na ile taa ya kijani ya gari yenye mshale ikawaka. Gari iko tayari. Dakika 20, bei ya soda na nauli.

Lakini kilichonifurahisha si gari kuwaka. Ni kile kijana alifanya baada ya hapo. Hakusema "imepona" akaenda. Alipima tena gari ikiwa imewaka, akapata volti 14.1. Akatuambia: hii inamaanisha betri kubwa inachaji ndogo vizuri, kwa hivyo ugonjwa uko kwa hii ndogo yenyewe, imezeeka. Akaosha vichwa vya betri vilivyokuwa na unga mweupe kwa maji moto na magadi. Mjomba akanunua betri ndogo mpya alipofika Embu, na gari inatembea hadi leo.

Huyo kijana ndiye fundi. Yule wa Nairobi ni muuzaji wa hofu.

Acha nieleze kwa nini betri ndogo inaweza kuleta drama kubwa hivyo, kwa sababu hapo ndipo watu wanalambishwa mchanga. Gari ya stima iko na betri mbili. Kubwa iko chini ya sakafu, ikijaa inakaribia volti 400, na ndiyo inasukuma mota. Ndogo ya volti 12 inawasha kompyuta, mataa, redio, na zile swichi kubwa zinazofungulia betri kubwa mlango. Ndogo ikilegea, kompyuta zinaanza kuona vitu ambavyo havipo. Moja inasema breki zimeharibika, ingine inasema usukani, ingine inasema mfumo wote wa stima. Zote zinadanganya kwa sababu zina njaa. Na swichi kubwa zikikosa nguvu, mlango haufunguki, gari haiamki, hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Kwa hivyo mtu yeyote anayekuambia betri kubwa imekufa bila kupima ndogo kwanza, mwambie asante, chukua funguo zako, enda.

Hii ndiyo hoja yangu yote: gari ya stima iliyozeeka haihitaji muujiza, inahitaji mtu wa kupima kwa utaratibu, kutoka kitu rahisi hadi kigumu. Na utaratibu huo unafundishika. Wacha niwaonyeshe.

Kwanza, betri ndogo. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzuri inasoma volti 12.6 hivi. Ikiwa 12.2, iko nusu. Chini ya 12, tayari umepata mshukiwa. Kisha washa gari upime tena: inafaa ipande hadi 13 na ushee ama 14. Ikibaki 12 na gari imewaka, basi hakuna kinachoichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa wiki ijayo. Hapo unatafuta fyuzi, waya uliolegea, ama kile kifaa kinachoshusha stima ya betri kubwa ili kulisha ndogo. Unaona tofauti? Vipimo viwili, na tayari umejiokoa usibadilishe kitu kisicho na hatia.

Pili, kabla ya kufuta mataa, soma. Kuna tabia moja mbaya sana kwa gereji zetu: skana inachomekwa, makosa yanafutwa, mteja anaambiwa "nimetoa ile taa." Boss, hiyo si matibabu, hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo. Andika namba za makosa kwanza, zote, kwa karatasi ama upige picha. Ukishaweka betri ndogo sawa, futa, endesha, uone gani inarudi. Inayorudi ndiyo ina ukweli.

Na kwa Leaf huhitaji mashine ya laki mbili. Kuna programu ya simu inaitwa LeafSpy na kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani. Inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, joto lake, na volti ya kila jozi ya seli, zote 96. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Ukiona jozi 95 zinatembea pamoja na moja inaanguka peke yake kila ukikanyaga mafuta (ndiyo, tunasema mafuta tu, hata kama hakuna), umepata mgonjwa halisi. Na hapo ndipo nataka mnisikize vizuri: betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 imejengwa kwa vipande 48. Kipande kimoja kibovu kinaweza kubadilishwa na fundi aliyefunzwa. Anayekuambia ununue betri nzima kwa sababu ya kipande kimoja anafanya kama daktari anayetaka kukukata mguu kwa sababu ya ukucha.

Tatu, gari ikikataa kuchaji, anza na nyumba kabla ya gari. Hii kitu watu hawaitaki kusikia kwa sababu inagusa landilodi. Kebo ya kuchaji ina akili. Kabla haijapitisha stima inachunguza kama soketi iko na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Nyumba ngapi zetu zina huo waya ukiwa umefika ardhini kweli? Nyumba nyingi za kupanga unakuta umekatwa ama umefungwa kwa msumari kuficha aibu. Kebo inakataa, taa yake inawaka kuonyesha kosa, na mwenye gari anaanza kulilia gari. Gari haina shida. Nyumba ndiyo ina shida, na hiyo shida ingekuua siku moja hata kwa jagi ya maji.

Tena, kebo nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zimeandikwa volti 200, ampea 15. Soketi yako ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Mtu anaweka adapta ya mia mbili ya River Road, anaacha gari ichaji usiku mzima, asubuhi anapata plagi imeyeyuka na ukuta umekuwa mweusi. Halafu anapost ati magari ya stima yanachoma nyumba. Buda, ni wewe na adapta yako. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA akuwekee laini yake peke yake na soketi inayofaa. Usiku ukishika plagi na iko moto, zima hapo hapo.

Nne, jua tofauti ya kosa na milima. Mji wa Embu uko juu sana kuliko hapa. Maji ya dam yetu yakijaa yako mita 700 kutoka usawa wa bahari, na Embu inapita mita 1,300. Ukiteremka kuja Kiambere gari inajirudishia chaji kidogo kila ukiachilia, na ile namba ya kilomita zilizobaki inakuwa tamu. Ukirudi unapanda, na namba inaanguka kama jiwe. Mtu anadhani betri imepasuka. Hapana, umepanda mlima. Ile namba ni makisio ya kompyuta ikiangalia vile uliendesha juzi, si ahadi. Na tusidanganyane pia: Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa mpya ilikuwa ya kilomita 120 hivi kwa chaji moja. Ikibaki na afya ya asilimia 60, toa hesabu mwenyewe. Nairobi hadi Embu bila kusimama kuchaji haitafika, na hilo si kosa la stima. Hiyo ni umri.

Tano, na hapa nabadilisha sauti. Kuna nyaya za rangi ya machungwa chini ya gari na ndani ya boneti. Hizo usiguse. Sijali umetazama video ngapi. Volti 400 haikupi nafasi ya pili ya kujifunza. Gari ikionyesha kosa la stima kuvuja kwenda kwa bodi, labda maji yameingia kwa kiungo, panya amekula waya, ama kipashio cha joto kimeharibika, hiyo ni kazi ya mtu aliye na glavu za mpira za volti 1,000, mwenye kujua kutoa ile plagi ya usalama kwenye sakafu, na kungoja dakika zisizopungua 10 kabla ya kufungua chochote ili stima iliyobaki itoke. Multimita ya mia tano haioni kosa la aina hiyo vizuri. Inahitaji kipimo cha kukagua ukinzani kwa volti kubwa. Na usivute Leaf kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Hayo ndiyo yanazunguka mota, na ukiyaburuta unaweza kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Najua wengine tayari mmekunja uso. Wacha niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: "Ndiyo maana tunasema waachie wataalamu. Hii kitu inaua." Sawa, inaua. Lakini na nyaya za kwa nguzo zinaua, na kuna vijana wa Mbeere wanapanda hizo nguzo kila siku kwa sababu mtu aliwafundisha na kuwapa glavu. Hatari ni sababu ya kufundisha. Ukificha ujuzi, hatari haiendi. Inahamia kwa yule kijana atakayefungua ile betri siku moja kwa spana na njaa, bila kujua rangi ya machungwa inamaanisha nini. Mkimficha, mnamuua.

Wa pili anasema: "Hizo gari ni takataka za Japani, tunatupiwa." Huyu simkatai kabisa. Betri huzeeka, na Leaf ina udhaifu unaojulikana: betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hivyo joto huimaliza haraka. Mwaka wa 2012 wenye Leaf wa Phoenix, jangwa la Arizona kule Marekani, walianza kupiga kelele kwamba vile vijiti 12 vya afya kwenye dashibodi vinapotea mapema. Kelele zao zikafanya Nissan iweke dhamana: vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 ama maili 60,000, betri inarekebishwa. Mbeere si Arizona, lakini mwezi wa pili hapa jua halina utani pia. Kwa hivyo weka gari kivulini na uchaji usiku kukiwa na baridi. Ila angalia kitu kimoja: wale watu walishinda kwa sababu walipima. Walihesabu vijiti, wakaleta namba. Asiyepima hutupiwa takataka kweli, kwa sababu hawezi kuthibitisha kwamba ni takataka.

Na hata betri iliyochoka haijawa uchafu. Kilowati-saa 24 ikibaki asilimia 60 ni zaidi ya kilowati-saa 14. Kwa gari ni kidogo. Kwa nyumba yenye sola, taa, TV na friji, hiyo ni utajiri. Kuna boma hapa ziko karibu na nyaya za dam na bado zinawasha koroboi. Anayeita hiyo betri skrepa anaongea kama mtu ambaye hajawahi kulala gizani.

Wa tatu anasema: "Petroli ni rahisi, kila fundi anaijua." Anaijua kwa sababu gani? Alizaliwa nayo? Baba zetu wa jua kali walijifunza injini kwa kuzifungua, kwa kuulizana, kwa kuharibu chache. Hakuna aliyewapa ruhusa kutoka Toyota. Gari ya stima ina sehemu chache zinazosugana kuliko injini yoyote. Kinachoitisha si mkono, ni kusoma namba. Na kizazi kinachoshinda na simu mkononi kinashindwaje kusoma namba? Shida ingine ni kwamba redio na ramani za haya magari zinaongea Kijapani, na vitabu vya gereji viko kwa Kiingereza cha kampuni. Gari inakuambia inaumwa wapi, lakini hakuna aliyekutafsiria. Hiyo si shida ya akili yetu. Ni shida ya mtu kutoona kwamba sisi pia ni wateja.

Kwa hivyo naitisha nini? Vitu vinne, na si vya mbinguni.

Unayenunua: usitoe shilingi kabla ya kuona asilimia ya afya ya betri na volti za seli kwa macho yako. Beba kifaa chako ama beba mtu anayejua. Muuzaji akikataa uchomeke, ameshakujibu.

Unayeuza: acha kuficha. Andika afya ya betri kwenye tangazo kama vile unaandika mwaka na rangi. Serikali ilazimishe hiyo, kwa kila gari ya stima inayobadilisha mkono, si ile inayoshuka melini tu.

Vyuo vya ufundi, kuanzia Meru National Polytechnic hadi vile vidogo vya Mbeere: nunueni gari moja kuukuu iliyozima. Moja tu, ile mnayoita skrepa. Iwekeni karakana, wanafunzi waipime hadi waielewe. Na NITA iwe na mtihani wa fundi wa magari ya stima ambao kijana wa Kiritiri anaweza kuufanya kwa ujuzi alio nao mkononi, bila kuulizwa kwanza alipata nini kwa KCSE. Waliopewa cheti wapewe na glavu.

Na wewe fundi: badilisha bei zako. Toza pesa ya kupima, na mteja usinune. Tumezoea kulipa spea na kudhani kupima ni bure, ndiyo maana fundi anakimbilia kubadilisha vitu. Yule anayekuambia "betri kubwa iko sawa, nipe elfu mbili ya kazi" amekuokolea laki kadhaa. Mlipe akiwa anacheka, kwa sababu usipomlipa, kesho atakuwa yule anayesema imekufa.

Stima ya Kiambere imewasha nchi hii tangu 1988 na sisi tumekaa kando tukihesabu nguzo zikipita. Magari ndiyo haya yanakuja, yakiwa yamechoka, yakitafuta mtu wa kuyaelewa. Tunaweza kukaa tena kando, tungoje mtu wa Nairobi atuambie kwa simu kilichokufa. Ama tunaweza kuwa wale watu wa kupigiwa simu.

Mwenye kubisha asije na maneno. Aje na multimita.